Janga jingine likija, tusiwaache wazee mlangoni

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya taifa kuarifiwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana nchini, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliamuru shule zote zifungwe. Kabla wiki hiyo haijakwisha, vituo vya mabasi jijini Nairobi vilikuwa vimefurika watoto waliobeba masanduku ya bati na magodoro, safari yao ikiwa ni ya mashambani kwa nyanya na babu zao. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wazazi waliowasindikiza. Niliwapandisha wanangu watatu katika basi la kwenda Vihiga, nikampigia mama simu kumwarifu kwamba wageni wake wako njiani, kisha nikarejea nyumbani nikijiona mzazi aliyetimiza wajibu wake barabara.

Mama alipowapokea hakuwakumbatia. Alikuwa ameweka dumu la maji na kipande cha sabuni langoni, akawaamuru wanawe mikono na nyuso kabla ya kukanyaga uga wake. Jioni hiyo alinipigia simu. "Mwanangu," aliniuliza kwa sauti ya upole, "redio inasema ugonjwa huu unaua wazee, na ya kwamba uko Nairobi. Sasa, umeniletea wajukuu au umeniletea ugonjwa?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa, nikageuza mazungumzo.

Swali hilo hunirudia kila ninapowasikia watu wa rika langu wakisimulia habari za janga lile. Aghalabu husema kwamba wazee walikuwa wagumu kuelimika: hawakuamini, hawakuvaa barakoa, waling'ang'ania matanga na salamu za mkono. Nakiri kwamba wa aina hiyo walikuwapo, nami nitawarejelea baadaye. Hata hivyo, nionavyo mimi, wazee wengi wa nchi hii walikuwa na habari za kutosha kuhusu maradhi yale, tena mapema. Walichokosa ni uwezo wa kuitenda habari hiyo, maadamu milango waliyopaswa kuipita ili wajikinge ilishikwa na watu wengine: wana wao, viongozi wa dini, makarani wa benki na maafisa wa serikali.

Kwanza tukumbushane hatari yenyewe. Korona ilimwandama mtu yeyote, lakini ilimkalia mzee vibaya zaidi. Mwili unapozeeka kinga yake hufifia, na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, ambayo kijana huyasikia kwa majina tu, huwa tayari yamepiga kambi. Fauka ya hayo, ugonjwa wenyewe humjia mzee kwa hila. Kijana hushikwa na homa na kikohozi, akajijua kuwa mgonjwa. Mzee aweza kukosa homa kabisa, akaonyesha tu kuchanganyikiwa kwa mawazo, kukosa hamu ya chakula au kuangukaanguka, nasi tukasema ni uzee. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliofikisha umri wa miaka 60 na zaidi, kati ya wananchi milioni 47.6. Ni wachache kwa idadi, ilhali wao ndio waliokuwa na mengi ya kupoteza.

Je, wazee hawa walikuwa wageni wa magonjwa ya kuambukiza? Hasha. Historia ya jamii zetu imeandikwa kwa majina ya maradhi. Miongoni mwa Agikuyu lipo rika lililoitwa Mutung'u, yaani ndui. Wengi wa wazee walio hai leo wana kovu begani walilolipata walipochanjwa dhidi ya ndui huyo huyo, kabla hajatokomezwa ulimwenguni. Wameona kipindupindu kikifagia vijiji na kambi za wavuvi. Zaidi ya yote, wameuona Ukimwi. Mwezi wa Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa, nyanya wa mashambani walikuwa wamekwisha kuuguza na kuzika kwa miaka mingi. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 50 mwaka ule alikuwa na miaka 71 Korona ilipoingia. Ndiye aliyewazika wana wake na kuwalea wajukuu waliobaki mayatima. Mtu kama huyo hahitaji kufunzwa na kijana mwenye kipaza sauti kwamba kuna maradhi yasiyoonekana kwa macho ambayo huletwa nyumbani na umpendaye.

Mama alinieleza siku moja kwamba dumu lile la langoni hakuambiwa na yeyote aliweke. Alikumbuka tu alivyofanya zamani kipindupindu kilipozuka, akaanza tena.

Basi habari zilimfikia mzee kwa njia gani? Kwa redio, na hasa idhaa za lugha za mama. Taarifa za kila siku za Wizara ya Afya zilisomwa kwenye runinga, aghalabu kwa Kiingereza, zikiwa zimesheheni takwimu za waliopimwa, waliopatikana na virusi na waliofariki. Ni watangazaji wa lugha za mama waliozipasua takwimu hizo zikawa maneno ya nyumbani: osha mikono kwa sabuni, funika mdomo na pua, kaa mbali na mwenzako kwa mita moja na nusu. Mabango yaliyobandikwa zahanati yalikuwa na herufi ndogo ambazo macho ya miaka 75 hayawezi kuzisoma. Hata barakoa, iliyokuwa ngao yetu sote, ilimletea tatizo mzee aliyepungukiwa na usikivu, kwa kuwa alizoea kutazama midomo ya msemaji ili apate maana. Muuguzi alinena nyuma ya kitambaa, mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake bila kusikia neno. Mambo haya ni madogo, lakini hakuna aliyewauliza wazee kabla ya kuyapanga.

Tuangalie sasa ile milango niliyoitaja. Mlango wa kwanza ni wa nyumba. Serikali ilitusihi tusiende mashambani tusije tukawaambukiza wazazi wetu. Baadaye, tarehe 6 Aprili 2020, ikapiga marufuku safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na siku mbili baadaye ikafanya vivyo hivyo kwa kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Amri hizo zilipotoka, watoto wengi walikuwa wamekwisha kufika kwa nyanya. Hatukuwapeleka kwa uovu. Vyumba vyetu vya kupanga ni vidogo, kazi zilikuwa zinapotea, na chakula cha mashambani hakinunuliwi kila siku. Lakini tazama tulivyomweka mzee. Tulimwambia akae peke yake, papo hapo tukamjazia nyumba. Tulimwambia anawe mikono mara kwa mara, ilhali maji huchotwa kisimani na yeye ndiye mchotaji. Tulimwambia asitoke, huku pesa tulizokuwa tukimtumia kwa simu zikipungua kwa sababu nasi tulikuwa tumesimamishwa kazi. Midomo iliongezeka, shilingi zikapungua, naye akalazimika kubeba ndizi zake kwenda sokoni, mahali ambapo kila mtu humkaribia mwenzake. Mtu wa namna hii akiambukizwa, tutasema hakuwa na habari?

Mlango wa pili ni wa nyumba ya ibada. Makanisa na misikiti ilipofunguliwa Julai 2020 baada ya kufungwa tangu Machi, masharti yaliwekwa: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu aliyezidi miaka 58. Nia ilikuwa njema na sharti lilikuwa na msingi wa kitabibu. Lakini katika kijiji chetu niliyaona matokeo yake. Wazee walioyabeba mawe ya kulijenga kanisa kwa mabega yao walisimamishwa nje na vijana waliobatizwa humo juzi. Baadhi yao waliamua kukutana kwa faragha katika sebule ya mwenzao, kumi au kumi na wawili, madirisha yakiwa yamefungwa ili nyimbo zisisikike barabarani. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuwaepusha na msongamano iliwapeleka katika chumba kilichokosa hewa. Laiti wangeulizwa, pengine wangependekeza ibada ya wazee peke yao, asubuhi, chini ya mti, mahali ambapo upepo unapita na virusi havina pa kujikusanya.

Mlango wa tatu ni wa benki. Kwa mujibu wa mpango wa Inua Jamii, mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa hulipwa Sh2,000 kwa mwezi, na tarehe 25 Machi 2020 serikali ilitangaza kutenga Sh10 bilioni zaidi kwa ajili ya wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Ni jambo la kushukuriwa. Tatizo lilikuwa namna ya kuzifikisha. Malipo hayo mara nyingi hutolewa kwa mkupuo baada ya kucheleweshwa, na siku yanapotangazwa wazee huamka alfajiri wakaenda mjini kupanga foleni. Nilishuhudia foleni ya aina hiyo katika mji mdogo ambao sitautaja. Wazee waliegemeana, kwa sababu mwenye mkongojo hawezi kusimama saa tatu bila kuegemea kitu. Askari alipita akiwakemea kwamba hawajaachana kwa mita moja na nusu. Hakuna aliyewaletea viti.

Mlango wa nne ulikuwa wa chanjo. Shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, iliwasili tarehe 3 Machi 2021. Wahudumu wa afya walitangulia, na mwishoni mwa mwezi huo watu wa miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa. Rais Kenyatta, aliyekuwa na miaka 59 wakati huo, alichanjwa hadharani tarehe 26 Machi. Mfano huo ulikuwa wa maana, maana wazee hufuata wanachokiona. Lakini kujisajili kulifanywa kwa mtandao wa intaneti, na mzee asiye na simu ya kisasa alimtegemea mjukuu. Baadaye India, iliyokuwa ikitengeneza chanjo hiyo kwa wingi, ilisimamisha kuiuza nje kwa kuwa nayo ilikuwa imezidiwa na maradhi, na dozi zikaadimika hapa kwetu. Mzee aliyefunga safari ya kilomita 20 na kuambiwa arudi wiki ijayo, nani atamlaumu asiporudi?

Niliahidi kuwarejelea waliokataa. Walikuwapo, na hoja zao zilikuwa za namna mbili.

Wa kwanza walisema Korona ni uzushi, au ni ugonjwa wa wageni usiomshika Mwafrika, au tiba yake ni tangawizi, ndimu na kitunguu saumu. Nilipodadisi chanzo cha maneno hayo, nilistaajabu. Hawakuyatoa redioni. Waliyasikia kutoka kwenye simu za vijana, ambao walipokezana uvumi usiku na mchana kisha wakawasomea babu zao. Tunapowacheka wazee kwa kuamini uzushi, ni vyema tukumbuke nani aliyewasomea.

Wa pili walikuwa na hoja nzito zaidi. Mzee mmoja, jirani yetu na rafiki wa marehemu baba, aliniambia hivi nilipomsihi asiende matanga: "Mwanangu, mimi nina miaka 84. Mkinifungia nyumbani miaka miwili, mnanipunguzia ugonjwa au mnanipunguzia maisha?" Huyu hakuwa mjinga. Alikuwa ameziweka hasara mbili kwenye mizani, ya kufa na ya kuishi peke yake, akachagua. Nilimjibu kwamba uamuzi wake haukuwa wake peke yake, kwa kuwa anarudi jioni katika nyumba ambamo mkewe mwenye pumu anamngoja. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema hilo hakuna aliyewahi kumwambia. Wote walikuwa wamemwambia habari za kifo chake, ambacho hakukiogopa. Tangu siku hiyo alivaa barakoa, na matanga ya majirani akayahudhuria akiwa ameketi mbali, chini ya mwembe. Alihitaji mtu wa kukaa naye na kuzungumza, akamheshimu kiasi cha kumpinga kwa hoja.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila tahadhari iliyochukuliwa na wazee ilikuwa ya faida. Mama ana ugonjwa wa kisukari. Aliposikia kwamba mwenye sukari akishikwa na Korona huwa hatarini zaidi, alifanya kile alichoona ni busara: aliacha kwenda kliniki. Alikaa miezi mitano bila kupimwa, akizigawa dawa zake nusu nusu ili zisimwishie. Alikuwa akinawa, alikuwa akivaa barakoa, na wajukuu aliwaweka umbali wa mkeka mmoja. Korona haikumpata. Lakini kidonda kidogo kilimtoka mguuni, akakificha asitupe wasiwasi, na tulipompeleka hospitalini mwezi wa Septemba kidole kimoja ilibidi kikatwe. Daktari alimuuliza kwa nini hakuja mapema. Alijibu kwamba aliambiwa akae nyumbani.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mzee aweza kulitii agizo kikamilifu na bado likamdhuru, iwapo waliolitoa hawakufikiria maisha yake yalivyo. Agizo la kukaa nyumbani lilihitaji kufuatana na dawa za kupelekwa nyumbani. Mimi mwanawe, niliyekuwa nikimpigia simu kila Jumapili kumwuliza kama ana kikohozi, sikumwuliza hata mara moja kama ana dawa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya Korona imekwisha. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba iliua zaidi ya watu 5,600 nchini Kenya. Kwisha kwa dharura hiyo hakumaanishi kwamba tumepumzika. Julai 2024 ugonjwa wa mpox uligunduliwa Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na hakuna mtaalamu atakayethubutu kutuambia kwamba ndio wa mwisho. Kwa hivyo hatuna budi kujiandaa sasa, wakati hakuna ving'ora.

Sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Neno la kuzingatia ni kushiriki. Kamati zinazoundwa kukabiliana na magonjwa, kuanzia wizarani hadi kwenye kata, ziwe na wazee wenyewe ndani yake, watakaosema mapema kwamba herufi ni ndogo, foleni ni ndefu na kisima kiko mbali.

Watu wa kuifanya kazi tunao pia. Tangu Septemba 2023 serikali imewatuma vijijini wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Kila mmoja wao anazijua nyumba zake. Wahudumu hao wapewe jukumu la kuweka orodha ya wazee wa eneo lao: nani anaishi peke yake, nani hatembei, nani anatumia dawa za kila siku. Janga likizuka, orodha hiyo ndiyo itakayoamua dawa zipelekwe wapi na chanjo ianzie mlango gani. Nazo benki zilipe wazee kwa zamu, kwa siku mbalimbali na karibu na makwao, wala gharama ya kufanya hivyo haiwezi kuishinda gharama ya kuwauguza.

Lakini serikali haiwezi kuingia sebuleni kwetu. Sehemu kubwa ya kinga ya mzee imo mikononi mwa wanawe. Tukubaliane mapema, tungali wazima, kwamba siku maradhi mengine yatakapotangazwa, atakayeelekea mashambani atatumia chumba chake na vyombo vyake hadi siku za hatari zipite. Kwamba maji yatachotwa na wajukuu. Kwamba kila anayepiga simu ataulizia dawa kabla ya kuulizia mvua. Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji kikao cha familia siku ya Krismasi au ya Idi, na mzee akiwa ndiye mwenyekiti.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Machi 2020 tuliwapeleka wageni kwa wenyeji tusiowafikiria, na kama walipona ni kwa sababu ya madumu waliyoyaweka langoni kwa akili zao wenyewe. Mama angali hai. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, na dumu lake hajaliondoa. Nilipomtembelea majuzi nilisimama langoni nikanawa kabla ya kumsalimu. Alinitazama, akatabasamu, akaniambia nisisahau na uso.